Mulango wa Linga

Miaka thelathini na moja nilifanya kazi kwenye tanuru ya shaba kule Lubumbashi, na miaka hiyo yote nilikuwa na ndoto moja tu: kuzeeka Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, ndani ya mutaro wa linga ya zamani. Wenzangu waliota kinga mupya, ile baiskeli ya kupanda, ao redio ya mbao. Mimi niliota shimo. Niliwaambia, wakacheka, na sioni ubaya wao. Mutu anatoka jasho mbele ya moto tangu asubuhi, halafu anasema anatamani kwenda kukaa kwenye shimo. Hata mimi ningemucheka.

Linga ni boma la miti ambalo wazee walijenga kuzunguka kijiji wakati wa vita, miti mirefu imesimama karibu-karibu, na nje yake mutaro wa kuzuia watu. Ile ya Nchelenge miti yake ililiwa na muchwa zamani. Mutaro ndio ulibaki, na pale unapokatika, kama hatua ine hivi, ndipo palikuwa mulango. Watu wa bunduki walivuka mto Luapula wakitafuta pembe na watumwa, wakaja mpaka pale, na watu wengi wakafa. Hiyo kila mutu pale anaijua. Yaliyobaki inategemea ni nani anakueleza.

Mimi nilielezwa na mujomba wa mama yangu. Kwetu mutu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mukubwa wetu. Nilizaliwa Mununga, ambako wetu walihamia kufuata samaki, ndivyo tulivyoambiwa, kando ya ziwa lile lile, kaskazini ya Nchelenge, na jioni muzee yule akitengeneza wavu tulikuwa tunamuzunguka. Katika ujana wake alikuwa mulinzi wa mulango wa linga. "Nilisimama pale mulangoni," ndivyo alivyokuwa anasema. "Nilisimama." Hakuongeza mengi, hii lazima niiandike, nisimuonee. Sisi watoto ndio tulikuwa tunaongeza: mikuki, damu, bamama wakikimbilia mitumbwi na kuvuka mpaka kisiwa cha Kilwa, kile cha humo ziwani, wakati yeye peke yake anazuia jeshi. Alitusikia na hakutukatiza.

Mara moja tu alinipeleka upande ule. Nilikuwa na miaka kama tisa, tulikuwa tunaenda kuuza samaki. Njiani akasimama, akaonyesha kwa mudomo: "Ni pale." Nilitaka kukimbia nikaone. Akanishika sikio. "Pale hapachezewi," akasema, na tukapita mbali. Nilifikiri ni heshima. Nilibeba heshima hiyo mpaka Lubumbashi.

Nilipopata retrete yangu nikaacha tanuru, Kongo ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire na mimi nilikuwa nimekwisha kuwa na mvi. Muke wangu ni mutu wa Lubumbashi, alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, fundi wa kushona. Nilipomuambia, aliweka makasi chini.

"Donke, basi tunaacha bomba ya maji, tunaacha soko, tunaacha kwaya yangu, juu ya shimo la babu yako?"

"La mujomba wa mama yangu."

"Papa wa batoto, ni shimo tu."

Alisema atanipa masika mbili. Maisha ya kule yakinishinda, tutaenda kukaa kwa binti yetu kule Likasi na sitasema tena neno linga mbele yake. Nikakubali. Tulivuka Luapula, mto wa mpaka, pale Kasenga, mashine yake ya kushona imefungwa ndani ya blanketi, na hakuiachia mukono mpaka ng'ambo.

Mukubwa wa kijiji alitupokea vizuri. Alikuwa mudogo kwangu kwa umri, mutu wa kusikiliza, si wa kelele. Nilimueleza mimi ni nani, na mujomba wetu alikuwa nani. Akatupeleka mwenyewe mpaka pale mutaro unapokatika, akapima kwa miguu upande wa ndani. "Mwana wa mulinzi akae mulangoni," akasema. Siku ile nililia, na muke wangu alijifanya anatafuta kitu katika mizigo. Alinionea huruma, najua.

Sasa niandike juu ya jirani yetu. Alikuwa mama mukongwe, muembamba, sauti yake inafika ziwani mbele ya yeye mwenyewe. Hapa watu wanasema Kibemba, Kiswahili ni cha kuuziana samaki na watu wa ng'ambo. Lakini mimi miaka yangu ine ya shule nilifundishwa kuandika kwa Kiswahili, basi maneno yake nayaleta kwa Kiswahili, na kama nimeyaharibu kosa ni langu.

Yeye alikuwa wa ukoo wa Chui, mimi wa ukoo wa Mbuzi. Koo hizi ni banungwe, maana yake ni watu wa kutaniana. Chui anaweza kumutukana Mbuzi mbele ya watu, kuingia kwake, kuchukua kuku, na Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Naye Mbuzi anaweza kumurudishia vile vile. Na siku mutu akikufa, banungwe ndio wanaochimba kaburi, wakitania hapo hapo juu ya maiti. Katika kambi za Lubumbashi tulikuwa tunafanya hivyo kidogo, kwa kucheka tu, mutu akilewa. Kumbe huku walikuwa wanafanya kwa kweli.

Siku tuliyosimamisha mulango wa nyumba, yeye alikuja akakaa katikati ya kizingiti, miguu amenyoosha.

"Haingii mutu," akasema. "Mbuzi na mulango! Nani alimupa Mbuzi mulango tena?"

"Ondoka, Chui muzee usiye na meno," nikamujibu.

"Meno yangu yalibaki kwenye shingo ya wajomba zako. Nipe tumbako."

Nikamupa. Watu wote wakacheka, hata muke wangu ambaye hakuelewa nusu. Kutoka siku ile, kila asubuhi akipita na ndoo kwenda ziwani, anasimama pale mutaro unapokatika na kuita: "We Mbuzi! Mwana wa aliyefungua! Umeamka?"

Nami ndani ya nyumba: "Nimeamka, mula-kuku!"

Nilikuwa napenda. Nasema ukweli, asubuhi asipopita nilikuwa naona siku haijaanza. Miezi nane nilicheka. Nilikuwa na desturi ya kuandika katika kaye, daftari langu, mambo ya kila siku, hali ya ziwa, nani amekufa, muhogo umeota namna gani, na nikisoma kurasa za wakati ule naona nimeandika mara nyingi: *Leo Chui amenitania tena.* Niliandika "amenitania". Sikuandika alisema nini.

Masika ya kwanza ilipita. Muke wangu, ambaye nilifikiri ataanza kuhesabu siku, alipata bateja. Bamama wa soko ya Kashikishi walileta vitenge, bamama wa kwaya walileta makoti yao ya kuimbia, na mashine ilikuwa inalia kutwa. Hakusema amependa pale. Lakini alipanda mapapai, na mutu hapandi papai mahali anapotaka kuondoka kesho.

Halafu Mukubwa wa kijiji akaniita. Siku kuu ya Uhuru ilikuwa inakaribia, na watu wa shule walitaka wanafunzi waje kwenye mutaro, waelezwe vita na mutu anayejua. "Wewe ndiye mwenye mulango," akasema. "Utaeleza." Niliogopa sana, sababu mimi si mutu wa kusema mbele ya watu. Nikaona heri niandike kwanza. Niliandika kurasa tano, nikafuta mbili. Zile tatu nilikwenda kumusomea yule mama mukongwe, nikifikiri atapata cha kunicheka na mimi nitaona palipo pabaya.

Alikuwa anaanika samaki wadogo juu ya mukeka. Nikasoma. Mikuki, damu, mujomba wetu peke yake mulangoni, bamama na watoto wanafika mitumbwini. Nilimaliza, nikangoja. Hakucheka. Aligeuza samaki wote wa mustari mumoja kwanza.

"Ukiwasomea watoto hii, mimi nitaondoka," akasema.

"Juu ya nini, mayo?" nikamuuliza; mayo ni mama kwa Kibemba.

"Miezi yote hii nakuambia kila asubuhi, na wewe unacheka."

"Ulikuwa unanitania."

"Ndiyo, nilikutania. Ulitaka nikuambie namna gani? Ndugu yako hawezi kukuambia, atakuvunja moyo. Mutu wa mbali akikuambia ni ugomvi. Mimi nungwe wako ndiye naweza, sababu nikisema hutanipiga. Ndiyo kazi yetu. Lakini kucheka si kuziba masikio, Mbuzi."

Nilikasirika. Naandika hivyo ingawa mutu wa Mbuzi hana haki ya kukasirika kwa Chui. Nilimuambia yeye hakuwepo. Akakubali mara moja.

"Sikuwepo. Mama yangu alikuwepo. Alikuwa mutoto, amefichwa ndani ya ghala ya mutama. Aliona kwa tundu. Aliona mulinzi anaondoa gogo la mulango kwa mikono yake mwenyewe, anaweka kando, pole-pole, kama mutu anayefungulia ng'ombe. Kaka zake wawili walikufa hapo ulipopanda mapapai."

Nilikunja kaye yangu, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Siku tatu sikumusikia akipita. Alikuwa anapitia njia nyingine. Katika siku hizo nilijaribu kuwa wa haki. Nilijiambia: mama yake alikuwa mutoto, mutoto anaogopa, tundu ni dogo. Halafu nikajiambia: na wewe uliyesikia kwa muzee mwenyewe, ulisikia nini? "Nilisimama pale mulangoni." Mutu anayefungua mulango naye amesimama mulangoni. Siku ya ine nilipanda mutumbwi wa wachuuzi nikaenda Mununga, kwa mama yangu mudogo, ndugu wa mama wa tumbo moja. Ndiye peke yake alibaki wa kizazi kile.

Nilimukuta amekaa kwenye jua, macho yake yameingia maji. Sikuzunguka. Nilimuuliza kama mujomba alifungua.

"Nani amekuambia?"

"Chui."

"Eee. Basi nungwe amefanya kazi yake." Akatafuta mukono wangu. "Mwanangu, ulifikiri sisi tuliacha Nchelenge juu ya samaki? Samaki wa kule walikuwa na miba gani?"

Halafu alinieleza. Watu wa bunduki walimukamata dada ya mujomba akiwa porini anatafuta kuni. Walimuleta mbele ya linga, kamba shingoni, wakamusimamisha mahali ambapo mulinzi anamuona. Walisema: mulango, ao huyu. Hawakusema tena. Dada yule ndiye alikuja kumuzaa mama yangu, na huyu mama yangu mudogo.

"Ni bibi yako," akasema. "Gogo lile lisipotoka, wewe hujazaliwa, mimi sijazaliwa. Na wale waliokufa, nao walikuwa na wao. Mujomba hakulala vizuri maisha yake yote. Wewe ulikuwa mutoto, ulifikiri anaamka mapema juu ya wavu."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Ulikuwa unatoka Lubumbashi na blanketi na sukari, unaingia unasema mujomba wetu aliyesimama! Nani angekuvua nguo ile?"

Nilirudi. Muke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, mashine imesimama, kitambaa bado chini ya sindano. Nilifikiri atasema: shimo lako limekuwa nini sasa? Hakusema.

"Na kiwanja?" akauliza.

"Tulipewa juu ya mulinzi."

"Basi nyamaza. Waambie watoto palikuwa na vita, watu walikufa, Mungu awarehemu, kaa chini. Si uongo."

"Si uongo, lakini..."

"Lakini nini? Ulinitoa Lubumbashi kwa kilio, nikakubali. Sasa nimepata kazi yangu, nimepata wenzangu, ndipo unataka tufukuzwe? Haki yako hiyo, Papa, inakula watu wa nyumba yako kwanza."

Alikuwa na sababu. Nimejaribu mara nyingi kuandika kwamba hakuwa nayo, haiwezekani. Na nilifikiri pia, aibu hii si yangu peke yangu, ni ya muzee ambaye hawezi kujibu. Nani alinipa ruhusa ya kumutoa mbele ya watoto wa shule? Niliandika pande zote mbili katika kaye, ukurasa huu na ukurasa huu, nikaona zimelingana. Sikupata jibu pale. Kilichoniamulia ni kitu kidogo. Asubuhi ya sikukuu nilikwenda kuchuma papai moja limeiva, nikakumbuka ni udongo gani, mukono ukakataa.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Watoto walikaa kwenye kingo za mutaro, miguu ndani. Mukubwa wa kijiji alikuwa amevaa koti. Nilisimama pale pale mulangoni, na sikufungua kaye. Nilisema kwa Kibemba changu cha Mununga, kimechanganyika na maneno ya Kongo, na najua nilirudia-rudia. Nilieleza gogo. Nilieleza kamba shingoni mwa bibi yangu. Nilieleza wale kaka wawili wa mama yake Chui. Nikasema: mujomba wetu hakusema uongo, alisema alisimama, uongo ni sisi tuliuongeza, na mimi ndiye niliukuza kuliko wote, mbele ya moto, miaka thelathini na moja. Halafu sikujua namna ya kumaliza, nikasema asante, nikabaki nimesimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Mukubwa wa kijiji alivua kofia, akaitazama ndani.

"Muzee," akasema, "mimi kiwanja hiki nilimupa mwana wa aliyelinda. Mwana wa aliyefungua sikumupa kitu."

Hakusema kwa ubaya. Angesema nini? Wafu wa pale ni wake. Nilijibu kwa neno la heshima, "Ni kweli, mukwai, hukumupa." Nilimuona muke wangu nyuma ya watu, mikono juu ya kichwa kama mutu wa kilio.

Hapo ile sauti ikatoka. "Mutanipisha ao?" Yule mama mukongwe alipita katikati ya watoto, akija na jivu ndani ya kiganja, akanipaka usoni, shavu hili na shavu hili, watu wote wanaona. Jivu lilikuwa bado la moto kidogo.

"Muzee Mbuzi amevunja ua," akawaambia watu, "na ninyi munataka kumufukuza aende akatembee? Munafunga mbuzi wapi, ninyi? Mbuzi anafungwa pale pale alipovunja, ili kila anayepita amuone!"

Mutu mumoja akacheka. Halafu wawili.

"Wafu ni wetu Chui," akasema, sasa akimutazama Mukubwa wa kijiji, na sauti yake haikuwa ya utani, ao ilikuwa, mimi sijui tena kutenganisha. "Mimi ndiye mutoto wa aliyeona. Huyu akienda Likasi, kesho nitamuambia nani? Nitaambia mutaro? Akae. Afagie hapa kila siku. Na kuku zake ni zangu."

Mukubwa wa kijiji alivaa kofia yake. Alifikiri muda mrefu, watoto wakaanza kusukumana. "Maneno ya nungwe siwezi kuyavunja," akasema. "Afagie."

Ndivyo tulivyobaki. Si kwa heshima niliyoiota. Muke wangu hakunisemesha kwa siku mbili, halafu akaniambia nioshe jivu lililobaki nyuma ya sikio. Mapapai tuliwaachia wao Chui, hatukuyala tena. Sijui kama nilifanya vizuri. Kuna wakati naona nilimuuza muzee ili mimi niwe mutu wa haki. Kuna wakati naona nilimupumzisha. Ningekuwa mimi na lile gogo, na dada yangu na kamba, nafikiri ningefungua, na hiyo sikuisema mbele ya watoto. Naandika hapa.

Alfajiri ya kesho yake baada ya sikukuu nilifagia pale mutaro unapokatika, majani na mavi ya mbuzi wa kweli. Nikasikia ndoo. Yule mama alifika, akasimama upande wa ndani, mbele ya ile nafasi ambayo haina mulango, haina gogo, haina kitu. Hakupita. Nyuma yake wakafika bamama wengine wawili na ndoo zao, nao wakasimama.

"We Mbuzi," akasema. "Tuna kiu."

Nilielewa pole-pole, mimi si mwepesi. Niliweka ufagio chini. Nikainama, nikashika gogo ambalo halipo, kwa mikono miwili, zito, nikaliinua, nikaliweka kando.

"Piteni, bamayo."

Wakapita kwenda majini. Na hivyo kila asubuhi, mpaka asubuhi nilipoitwa na wenzake bila yeye, na sisi wa Mbuzi tukachimba kaburi lake, tukimutukana.